Gari Lililolala Zizini

Mweso, 8 Juni 2003

Kaka Rukara,

Kabla hata ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Bahasha hii ina karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya Papa. Ameisema yeye akiwa ameketi kizingitini, nami nimeiandika neno kwa neno kama kawaida, kwa kuwa yeye hakupelekwa shule. Hii ya pili ni yangu. Nimeiandika peke yangu jikoni, nikaikunja mara nne, nikaitia katikati ya ile ya kwanza kabla ya kuifunga bahasha kwa gundi ya bugali. Papa hajui.

Ulimwomba Papa akaliangalie gari dogo la Papa Mbusa, mwenye duka la hapa Mweso, aseme kama linafaa kwa kazi ya kila siku: kumchukua Anastasie mkeo na samaki zake Bweremana alfajiri, kupita Sake, kufika Goma na kurudi. Papa amekwenda. Umesoma alivyosema: "Gari iko muzuri sana. Mwili wake umejaa, rangi yake inang'aa, sauti yake haikatiki. Nimepiga ubavu wake, umejibu. Miguu yote mine iko sawa. Usukani tu njo uko upande mubaya, upande wa kuume, lakini hata Bihogo wetu alikuwa na pembe moja na alitulisha miaka tisa."

Hivyo ndivyo Papa anavyochagua ng'ombe, na kwa ng'ombe sijawahi kumwona akikosea. Lakini alikwenda saa nne, jua likiwa limepanda. Mimi napeleka maziwa kwa Papa Mbusa saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, na saa hiyo gari linakuwa bado limelala.

Kaka, haliamki. Mumbere, dereva wake, anazungusha ufunguo mpaka gari linalia kwa unyonge, kisha anawaita wapakuzi wa duka walisukume hadi mteremko wa misheni. Linashuka likitoa moshi mweupe na kukohoa, na huko chini kabisa ndipo linawaka. Mumbere analirudisha, analiacha lingurume, analifuta umande. Likishapata joto halina shida tena. Ulizime mara kumi, litawaka mara kumi. Hilo ndilo gari alilolikuta Papa.

Unakumbuka alivyotufundisha juu ya wachuuzi wa ng'ombe? Wanamlambisha ng'ombe chumvi ili asubuhi anywe maji mengi, aingie sokoni na tumbo la mviringo. Gari hili nalo, Papa amelitazama likiwa limekwisha kulambishwa chumvi.

Sisemi ni baya. Nimelichunguza siku Mumbere alipoingia ndani kunywa chai. Nimeinua mkeka wa miguu: bati ni zima, isipokuwa tundu moja upande wa abiria ambalo kidole gumba kinapita. Matairi ya mbele bado yana meno, ya nyuma yameanza kuwa vibogoyo. Tumbo lake liko shubiri moja na vidole vitatu juu ya ardhi. Kwa barabara yetu ya Burungu lingekaa juu ya jiwe kama kobe, lakini ile ya kando ya ziwa litaiweza. Linakunywa mazutu, si petroli, tena kidogo. Na udogo wake ni faida siku hizi. Jeep zote za hapa zimechukuliwa na wenye bunduki, lakini hili walilizunguka mwezi wa nne, wakacheka, wakasema haliwezi kubeba askari watano na magoti yao. Wakaliacha.

Kwa hiyo sikuambii ulikatae. Nakuambia usitume pesa kabla mtu hajaliona likiamka katika baridi.

Ukijibu, nawe tia karatasi mbili. Ya kwanza nitamsomea Papa kwa sauti. Ya pili nitaisoma chooni.

Mdogo wako,
Christa


Walikale, 21 Juni 2003

Christa,

Barthélemy mwenye lori aliposhuka kwenye ndege ya bidhaa alinikabidhi bahasha nene mpaka nikadhani Mama ametia jibini ndani. Nimecheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Sikiliza. Wewe ni yule Christa ambaye ukitumwa kwa jirani kuomba chumvi unarudi na bakuli tupu kwa sababu umeona haya kugonga mlango. Mwalimu wako aliniambia unajua majibu yote na hunyoshi kidole hata siku moja. Leo unanipa habari za matairi na bati kama fundi wa karakana ya Goma! Sina budi kukuamini kidogo. Kidogo tu, kwa sababu Papa ameishi miaka sitini akitazama vitu vinavyouzwa, na wewe umetoka shuleni juzi.

Nikuambie kwa nini sina nafasi ya kukosea. Miaka mitatu nimekaa huku machimboni, na likizo moja tu. Mtoto wangu ana miezi mitano na sijamwona sura. Gari hilo ndilo mlango wangu wa kutokea. Likiwa zima, mwezi wa nane niko Bweremana, naendesha kila siku, nalala kwangu. Likiwa bovu, pesa imekwisha na naanza tena kuchimba, mwaka mwingine, labda miwili.

Basi fanya kitu kimoja. Ukipeleka maziwa, mwambie Papa Mbusa mwenyewe: "Kaka yangu anaomba liwashwe mbele yangu, likiwa baridi, bila kusukumwa." Maneno hayo tu. Yeye ni mtu wa misa, hatakula mtu. Akikubali, angalia. Akikataa, nako ni jibu.

Kwenye karatasi ya kwanza nimemshukuru Papa na kumwambia nafikiri. Usiongeze lako unapoisoma.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia juu ya goti.

Kaka yako,
Rukara


Mweso, 29 Juni 2003

Kaka Rukara,

Nilikwenda. Siku hiyo nilichelewa makusudi hadi saa mbili, nimkute mwenyewe ameamka, na njia nzima nilirudia maneno yako. Papa Mbusa alikuwa mlangoni, anapokea magunia ya maharagwe.

"Karibu, binti ya Munyakazi. Maziwa yako iko ya moto leo?"

"Ndiyo, Papa."

"Na Papa yako anasema nini juu ya gari?"

Maneno yote yalikuwa yamefika hapa kooni, yamepanga mstari.

"Anasema..." nikasema. "Anasema maziwa ni lita tatu."

Wapakuzi walicheka mpaka mmoja akaweka gunia chini. Mumbere akanipigia kelele kutoka garini: "Lita tatu za mazutu, dada?" Nimerudi nyumbani nikiwa na homa ya aibu.

Lakini njiani nilipata wazo. Kama mimi sina mdomo, Papa anao. Mchana nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu: "Papa, ng'ombe wa kununua hulala wapi kabla ya kukubaliana?" Akanitazama kama nimemuuliza jua hutokea wapi. "Analala kwa mununuzi usiku moja. Asubuhi mununuzi anamukamua yeye mwenyewe. Kama maziwa iko, njo munapeana mikono." Nikasema, "Na gari?" Akavuta kiko. Kisha akachukua fimbo na kofia, akaenda kwa Papa Mbusa.

Kaka, Papa Mbusa alikubali kabla Papa hajamaliza kusema. Alifurahi hata. Mbele ya duka gari linaonwa na kila anayepita na bunduki, na siku moja atapita asiyecheka. Nyuma ya uzio wetu wa mabua halionwi. Alisema likae kwetu mpaka jibu lako lifike. Basi Jumanne jioni Mumbere alilileta, na Papa akafungua zizi.

Unalijua zizi lake. Alilijenga la ng'ombe thelathini na ndani wamo wawili. Na unaujua moto wake. Siku tulipokimbia Burungu Mama alibeba godoro, mimi nilibeba madaftari, Papa alibeba chungu cha makaa kutoka zizi la babu, na moto huo haujazimika hadi leo. Kila jioni anauchochea, ng'ombe wanasogea, moshi unafukuza inzi. Jumanne aliliongoza gari kwa mikono, "kuja, kuja, polepole", mpaka pua yake ikawa hatua moja mbele ya moto. Mumbere akamuuliza kwa nini. Papa akasema, "Mugeni hawezi kulala mu baridi."

Asubuhi Mumbere alikuja na wapakuzi watatu tayari kusukuma. Akazungusha ufunguo mara moja. Gari likawaka.

Papa alipiga makofi. Jirani zetu walishangilia. Ng'ombe mmoja aliendelea kulamba mlango. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mumbere, na yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Alichomoa ufunguo akautazama kama si wake. Nikapitisha mkono juu ya boneti. Ilikuwa vuguvugu, Kaka, na nyasi zote zilikuwa na umande.

Nilijaribu kumwambia Papa. Nikasema, "Papa, labda moto umepasha injini." Akacheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe zangu moto unazipasha kila siku. Nazo iko wagonjwa?" Tangu siku hiyo amewasimulia wazee wote wanaokuja kuomba maziwa kwamba gari la Rukara liliamka kama mtamba. Nitasemaje tena mbele yao kwamba moto wake umemdanganya? Karatasi yake ya leo inasema nunua. Mimi nasema subiri.

Jambo jingine. Uliponifundisha kuandika, herufi yako ya "g" ilikuwa na mkia mrefu wa kujivuna. Katika barua yako hii haina mkia. Maneno yanalala upande wa kushoto, na umekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka mahali pawili. Si kwa sababu ya goti, Kaka. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una nini?

Christa


Walikale, 11 Julai 2003

Christa,

Una macho makali wewe. Ndiyo. Mwezi wa tano jiwe liliteleza shimoni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, kile kidogo na jirani yake. Kidonda kimefunga, sina homa, nakula. Lakini nyundo siwezi kuishika tena, na huku asiyeshika nyundo hana kazi. Kwa hiyo niliyokuandikia, kwamba gari likiwa bovu nitachimba tena, hayakuwa kweli. Siwezi kuchimba. Papa na Mama wasijue kabla hawajaniona nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe. Anastasie pia hajui. Nimekuambia wewe kwa sababu umekwisha kujua.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kusubiri. Gari limeamka asubuhi, bila kusukumwa, mbele ya Papa na majirani. Ndicho nilichoomba. Habari ya moto nimeisoma mara mbili na naona unatafuta kunguni kwenye godoro jipya. Nimekwisha kumpa Barthélemy pesa. Atapanda Mweso na lori lake Jumapili ya tarehe 20, na Jumatatu asubuhi atamkabidhi Papa Mbusa mbele ya Papa. Barua hii inatangulia na mwalimu anayerudi kwao.

Kitu kimoja tu kinanikosesha raha, na si injini. Ni usukani wa kulia. Sijawahi kuendesha gari la namna hiyo hata nilipokuwa na vidole vyote. Nawaza kama mkono huu utaweza. Lakini nitazoea. Nitalazimika.

Usiogope tena. Umefanya vizuri.

Rukara


Mweso, 3 Agosti 2003

Kaka Rukara,

Barua yako ilifika Alhamisi ya tarehe 17 Julai. Nilipoisoma sikulia. Nililia kesho yake nikikamua, na ng'ombe akageuka kunitazama. Kisha nikafuta uso na kuhesabu siku. Zilibaki tatu.

Nianze na mkono wako, kwa sababu hapo nina habari njema na wewe hukuiona. Ijumaa hiyo Papa na Mama walikwenda shambani. Nilijifunga vidole viwili vya mkono wa kulia kwa kamba ya mgomba, kile kidogo na jirani yake, nikakaa kwenye kiti cha dereva. Usukani hauhitaji vidole vyote. Nimeuzungusha kwa kiganja na gumba, huku na huku, mpaka matairi ya mbele yamechimba udongo. Kinachotaka mkono mzima ni gia, maana ya pili ni ngumu na lazima uishike na kuivuta. Na katika gari la usukani wa kulia, Kaka, gia iko upande wa kushoto. Gari ambalo watu wote hapa wanalicheka kwa sababu lina usukani upande mbaya limetengenezwa kwa mkono wako. Lingekuwa na usukani wa kushoto kama magari ya wengine, ningekuambia uache.

Kwa hiyo nililitaka gari hilo kuliko wewe. Lakini nilitaka liwe linaamka Bweremana pia, ambako hakuna zizi, na Anastasie amesimama na beseni la samaki na jua linakuja.

Jumapili Barthélemy alifika, akala kwetu, pesa zikiwa ndani ya shati. Baada ya sala ya jioni, Papa alipokuwa bado anaongea naye ndani, nilitoka. Nilichukua kigae, nikazoa makaa makubwa sita kutoka moto wa zizi, nikayapeleka jikoni na kuyafunika majivu. Kisha nikarudi na ndoo mbili za maji.

Nimeuzima moto wa Papa, Kaka. Ule wa babu. Ulilia kwa sauti ndefu, na ng'ombe wote wawili wakainuka.

Jumatatu saa kumi na mbili walikuwepo wote: Papa Mbusa amevaa koti, Barthélemy, majirani, wazee wa maziwa. Mumbere akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likalia. Akazungusha tena. Likalia kidogo zaidi. Mara ya tatu likawa kama mtu anayeguna usingizini.

"Mumbere," Papa Mbusa akasema, "gari yangu umeifanya nini?"

Mumbere akatazama usukani. Barthélemy akaweka mkono juu ya shati lake. Nilijua kwamba nikinyamaza wataita wapakuzi, litasukumwa, litawaka, na watapeana mikono wakisema ni baridi ya leo tu.

Basi nikasema. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyoitaka.

"Papa Mbusa, kila asubuhi linasukumwa mpaka misheni. Nimeliona tangu mwezi wa tano. Hapa lilikuwa linaamshwa na moto."

"Yesu!" akasema jirani mmoja. "Kumbe ule mutoto anasema!"

Mumbere akashuka. Alikuwa karibu kulia. Akasema ni buji za kupasha injini, zote nne zimekufa tangu Noeli, na bila hizo gari la mazutu haliwaki likiwa baridi. Hakumwambia Papa Mbusa kwa sababu dereva aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuambiwa ameua gari, naye ana watoto wanne. "Nilisema ikiuzwa, basi itaondoka na siri yake."

Papa Mbusa alivua kofia. "Papa Munyakazi, nakuapia Mungu, sikujua. Mimi naamka saa moja. Nakuta inanguruma tu."

Nilidhani Papa atakasirika. Alilizunguka gari polepole, akapiga ubavu wake kama siku ya kwanza. Akasema, "Mbusa, umeniletea ng'ombe ya chumvi, na wewe mwenyewe ulilambishwa. Iko na kifua tu. Mwili uko muzima. Dawa yake iko Goma?"

"Iko."

"Basi lete dawa, wewe njo mwenye ng'ombe. Barthélemy, pesa ikae mu shati. Na huyu Mumbere usimufukuze. Mutu ambaye ameweza kuamsha ile kitu kila siku tangu Noeli anajua kazi." Wazee wakacheka, hata Papa Mbusa akacheka, ingawa alimtazama Mumbere kwa jicho moja.

Buji zilifika Alhamisi hii iliyopita na lori la Barthélemy. Mumbere alizitia mwenyewe, nami nilimshikia taa na funguo, na ameniambia kila kitu kinaitwaje. Gari limelala kwetu usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, Papa akiwa ameliweka mwisho kabisa wa zizi, kwenye migomba, pua ikitazama upepo. Jana Mumbere alipotaka kuingia, Papa akamzuia kwa fimbo. "Aingie ule aliyesema."

Nikaingia. Unazungusha kidogo, taa ndogo ya rangi ya machungwa inawaka, unangoja izime, kisha unazungusha yote. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nilikuwa nimeigusa. Liliwaka mara moja. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna moshi. Nililizima, nikaliwasha tena, nikalizima tena, mpaka Mama akasema inatosha, unamaliza mazutu ya watu.

Pesa zimetolewa jana hiyo hiyo, na Papa Mbusa ameongeza tairi moja la nyuma bila kuombwa. Gari ni lako. Ninakuambia kwa uhakika, si kwa kukufurahisha: litakufaa. Tia kiraka kwenye lile tundu kabla ya mvua, usipite nalo Burungu, usiliache mahali ambapo askari wembamba wanaweza kulipenda. Njoo. Mtoto wako atakaa kwenye kiti cha nyuma na samaki.

Limebaki jambo moja. Jumatatu ile, kabla ya Barthélemy kuamka na wengine kufika, nilimkuta Papa amechuchumaa mbele ya moto uliokufa. Nilikuwa nimeshika kigae. Nikasema, "Papa, haya niliyachukua jana kwa ajili ya chai. Bado yako hai." Akanitazama, akayatazama makaa, akalitazama gari. Kisha akasimama, akayapeleka upande wa pili wa zizi, mbali na gari kabisa, akayapuliza huko. Moto ukashika. Ni ule ule, Kaka. Hakuniuliza kitu.

Leo, alipokuwa akinitamkia karatasi yake, aliacha habari zake katikati. Akasema: "Hii usiandike. Moto ikikufa yenyewe, majivu yake iko nyepesi, upepo unaibeba. Ya Jumatatu ilikuwa imeshikamana, ungeweza kufinyangia chungu. Usiandike, eh?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Kwenye karatasi yake sikuandika. Itazame, utaona nafasi mahali nilipoinua kalamu. Nimeandika kwenye yangu. Yeye hajui kwamba nimekuambia, nami mbele yake sijui kwamba anajua. Mkono wako utajieleza wenyewe utakapofika. Hilo siwezi kukusaidia kulificha. Lakini ukikaa naye kando ya moto na akakusimulia jinsi moto huo ulivyobebwa kutoka Burungu bila kuzimika hata mara moja, itikia. Karatasi hii itie motoni ukimaliza kuisoma, na habari ya zile ndoo mbili ibaki kwako wewe peke yako.

Christa